MWALIMU AITWE KABLA YA RAMANI

Wahenga walinena kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tumeyaanza makala haya kwa methali hiyo kwa sababu sisi walimu tumechoka kukaribishwa mlangoni. Kila inapofunguliwa shule mpya ya umma, au jengo jipya katika shule ya zamani, sisi hualikwa siku ya kukata utepe. Hupangwa mstari pamoja na wanafunzi wetu, husikiliza hotuba, hupiga makofi, kisha hukabidhiwa funguo za vyumba ambavyo hatukuulizwa juu yake hata neno moja. Kesho yake huingia ndani, na huko ndani ndiko yanakoanza mashaka.

Hoja yetu ni moja, nasi twaitamka mapema ili msomaji asihangaike kuitafuta: ramani ya shule ya umma isichorwe kabla ya kuitwa na kusikilizwa walimu wanaoijua kazi itakayofanyika humo, na mwalimu wa lugha awe miongoni mwao. Hatusemi kwamba mwalimu ampokonye msanifu majengo kalamu yake. Kila kazi ina fundi wake. Twasema tu kwamba fundi wa nguo humpima mvaaji kabla ya kukata kitambaa, wala hatujapata kumwona fundi aliyekata kwanza akapima baadaye, ila yule aliyekusudia kumtia mteja wake hasara.

Imla na mvua

Tuanze na jambo lililotufika sisi wenyewe. Katika shule moja ya serikali humu jijini Kampala, ambayo hatutaitaja jina, tulipata kufundisha Kiswahili kidato cha kwanza. Jengo lilikuwa jipya, rangi yake bado inanuka. Paa lilikuwa la mabati matupu, bila dari. Kuta zilizotenga darasa na darasa ziliishia chini ya kenchi, zikaacha nafasi wazi juu ambamo sauti ilipita kama upepo upitavyo katika uzio wa matete. Siku moja ya mwezi wa Aprili tulikuwa tukitoa imla. Tulikuwa tumefika sentensi ya tatu, isemayo “Mjomba amepanda miti shambani,” mvua ikashuka.

Aliyewahi kukaa chini ya bati wakati wa mvua ya Kampala hahitaji kuelezwa. Tulipaza sauti, kisha tukapiga kelele, kisha tukaenda safu kwa safu tukiinama masikioni mwa wanafunzi. Kutoka darasa la pili, kupitia ile nafasi ya juu, tulikuwa tukisikia vipande vya somo la hesabu. Tulipoyakusanya madaftari, waliokaa mbele walikuwa wameandika kwamba mjomba amepanda miti, waliokaa nyuma wameandika kwamba mjomba amependa miti, na waliokaa katikati walikuwa wamechora mstari wakasubiri mvua ikatike. Ilipokatika, dakika zetu 40 zilikuwa zimekwisha. Wanafunzi walicheka, nasi tukacheka nao. Lakini tulipokuwa tukisahihisha jioni, kicheko kilitutoka. Tuliona ya kuwa tulikuwa tunawakata watoto alama kwa kosa la paa.

Huenda msomaji akadhani kwamba tunakuza jambo dogo. La hasha. Kampala hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, na misimu yake mikubwa ni miwili, wa Machi mpaka Mei na wa Septemba mpaka Novemba. Misimu hiyo imeangukia muhula wa kwanza na muhula wa tatu, yaani wakati ambao madarasa yamejaa. Tukikadiria kwamba mvua huharibu kipindi kimoja tu cha Kiswahili kila wiki, na kwamba misimu yote miwili huchukua wiki 24 za masomo, basi vipindi 24 hupotea kila mwaka katika darasa moja. Jengo likiishi miaka 40, vipindi 960 huchukuliwa na maji ya mvua. Nani angekubali kumlipa mwalimu mshahara wa vipindi 960 asivyofundisha? Lakini hasara ya paa hailetwi mbele ya mkaguzi yeyote, kwa kuwa paa halitii sahihi katika daftari la mahudhurio.

Wala si maoni ya walimu wa Kampala peke yao. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999 juu ya makelele, lilishauri kwamba kelele ndani ya darasa wakati wa somo isizidi desibeli 35, na kwamba mwangwi uwe umekwisha kufifia kwa muda wa sekunde 0.6 hivi. Kipimo hicho ni cha chumba kitulivu, ambamo mtu hutamka neno naye mwenzake hulipokea zima. Darasa la bati tupu, lenye sakafu ya saruji na kuta za saruji, haliwezi kukikaribia hata siku ya jua. Sembuse siku ya mvua.

Na hapa mwalimu wa lugha ana neno ambalo mwalimu mwingine hana. Mtu asikilizaye lugha yake ya mama huweza kukosa sauti mbili tatu akazijaza mwenyewe kwa kukisia, maana anajua linalokuja. Mwanafunzi wa lugha ngeni hana akiba hiyo. Mtoto wa Kampala aghalabu hutoka nyumbani na Luganda, au Lusoga, au Runyankore, au Acholi. Kiswahili hukisikia kwa utaratibu shuleni tu. Katika Luganda sauti r na l ni kama sauti moja yenye sura mbili, ambayo hubadilika kufuatana na irabu iliyotangulia, wala sauti h haimo katika maneno yake ya asili. Basi mtoto huyo anapaswa kujifunza kwa sikio tofauti ya kura na kula, ya mahari na mahali, ya haya na aya. Tofauti hizo ni nyembamba kama uzi. Mwangwi huukata uzi huo, na bati hulifunika hata lile lililosalia.

Kiswahili kimeingizwa, darasa halikutayarishwa

Suala hili lingeweza kusubiri kama Kiswahili kingekuwa bado somo la wachache. Lakini hali imebadilika. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, ulioanza mwaka 2020, ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili. Mwezi Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kwamba lugha hii iwe ya lazima na ya kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Sisi tuliokipigania Kiswahili kwa miaka mingi tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mji huu si mgeni kwa Kiswahili: Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilikuwa na makao yake Makerere tangu 1952 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mtaala huo mpya hautaki mwalimu asimame mbele na kusoma maandishi ya daftari. Unataka wanafunzi wakae kwa vikundi, wajadiliane, waigize, wahoji watu, watengeneze miradi. Na kazi zao za mwaka huhesabiwa asilimia 20 katika matokeo yao ya kidato cha nne. Hayo yote ni mema. Lakini tuchukue darasa la wanafunzi 60 lililojengwa kwa kipimo cha madawati yaliyopangwa safu, kila dawati likigusa jingine, tulitie vikundi kumi vinavyosema kwa pamoja, chini ya bati, karibu na ukuta usiofika juu. Je, hilo ni darasa au ni soko la Owino? Mtaala umeandikwa upya. Chumba kimebaki kilekile cha mwalimu asemaye peke yake na wanafunzi wanyamazao.

Hofu yetu tunaisema wazi. Miaka kumi ijayo watatokea wataalamu watakaopima matokeo na kuona kwamba vijana wa Uganda wanaandika Kiswahili cha kubahatisha na hawakisemi. Watasema kwamba watu wa Uganda hawakipendi Kiswahili. Watataja historia, watataja askari, watataja siasa za kale. Hawatasema kwamba kilishindwa na paa.

Wanayotujibu

Wanaotupinga wana majibu manne, nasi ni haki tuyatendee insafu.

Jibu la kwanza ni kwamba ujenzi ni kazi ya wahandisi. Ni kweli, kama vile matibabu ni kazi ya daktari. Lakini daktari mwema huanza kwa kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mfano mzuri ni Francis Kéré, mzaliwa wa kijiji cha Gando nchini Burkina Faso. Utotoni mwake alisoma katika darasa la joto kali na hewa haba. Alipokuwa mwanafunzi wa usanifu Ujerumani alikusanya fedha, akarudi kujenga shule ya msingi kijijini kwao, ikakamilika mwaka 2001. Alitumia matofali ya udongo wa pale pale, na watu wa kijiji wakishiriki kazi. Juu ya madarasa aliweka dari la matofali lenye matundu ya kupitisha hewa, kisha akaliinua bati mbali juu ya dari hilo, ili joto lipite baina yake. Shule hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo mwaka 2004, na mwaka 2022 Kéré alitunukiwa tuzo ya Pritzker, iliyo kubwa kabisa katika fani yake. Hakuyapata hayo kwa kuwa alikuwa na fedha nyingi. Aliyapata kwa kuwa kitanda kile alikuwa amekilalia mwenyewe.

Jibu la pili ni ramani moja kwa nchi nzima. Tangu mwaka wa fedha wa 2018/19 serikali imekuwa ikijenga kile kinachoitwa shule za mbegu, yaani shule za sekondari katika magombolola yasiyokuwa na shule ya umma, nazo zilipangwa kuwa zaidi ya 200. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha fedha za mradi mwingine wa namna hiyo. Ramani hutayarishwa mara moja, hutumika mahali pengi. Hatuidharau kazi hiyo. Ramani ya pamoja huharakisha ujenzi, huwezesha bei kulinganishwa, na humfanya mtoto wa Karamoja apate maabara sawa na ya mtoto wa Masaka. Lakini ikiwa ramani ni moja, basi kosa lake nalo si moja. Ni kosa mara 200. Kwa hiyo ramani ya namna hiyo ndiyo iliyohitaji walimu zaidi kabla ya kupigwa muhuri. Tena vilima vya Kampala si tambarare za Soroti. Ramani iliyochorwa kwa ajili ya kiwanja cha ekari nyingi, ikiletwa Kawempe au Makindye penye kiwanja chembamba baina ya barabara na nyumba za watu, itakuwa kama kanzu ya mtu mwingine.

Jibu la tatu ni fedha. Hili ndilo hutolewa kwa sauti kubwa kuliko yote, kwa sababu hukata maneno. Nasi twauliza: je, ni fedha ngapi zinahitajika kuligeuza jengo likiwa bado karatasini? Kampala iko karibu kabisa na Ikweta. Jua huchomoza mashariki, hupita juu ya utosi, hutua magharibi. Jengo lenye madirisha yake upande wa kaskazini na kusini, na upenu mpana, hupata mwanga bila jua kali. Jengo lilelile likigeuzwa likatazama mashariki na magharibi, wanafunzi wake huchomwa usoni asubuhi na mgongoni alasiri, nao hufunga madirisha kwa magunia. Matofali ni yaleyale, saruji ni ileile, bei ni ileile. Kilichotofautiana ni swali lililoulizwa au lisiloulizwa. Kadhalika, kuupeleka ukuta wa kati mpaka kwenye bati ni safu chache za matofali. Kuliweka darasa la lugha upande wa mbali na kituo cha bodaboda hakuhitaji hata tofali moja. Dari lina gharama, hatukatai; na vigae vya udongo, ambavyo vimekuwa vikitengenezwa Kajjansi katika barabara ya Entebbe kwa miongo mingi, ni vizito na hutaka kenchi imara zaidi. Lakini gharama ya dari hulipwa mara moja, na gharama ya kukosa dari hulipwa kila mvua inyeshapo.

Jibu la nne husemwa kwa kunong’ona: kwamba walimu wakiitwa wataomba starehe. Wataomba ofisi, wataomba viti vya sponji. Labda wapo watakaoomba hivyo. Lakini mwalimu aliyekaa miaka 20 chini ya bati hatamani kiti. Anatamani asikike.

Kiwanja, mlango na dirisha

Kabla ya ramani kuna kiwanja, na juu ya viwanja vya shule mji huu una kumbukumbu chungu. Chuo cha ualimu cha Shimoni, pamoja na shule ya mazoezi iliyokuwa jirani yake, vilikuwa katikati ya jiji, mahali panapofikika kwa miguu kutoka pande zote. Mwaka 2006 vilihamishwa ili pajengwe hoteli ya kuwapokea wageni wa mkutano wa viongozi wa Jumuiya ya Madola. Mkutano ulifanyika Novemba 2007, ukaisha, wageni wakaenda zao, hoteli haikuwapo. Uwanja ulikaa wazi kwa miaka, na baadaye yakasimama hapo majengo ya biashara. Chuo kilipelekwa Kitikifumba, huko Kira. Hatulitaji jambo hili kwa kufukua makaburi. Twalitaja kwa sababu linaeleza mahali shule mpya za jiji zinakopelekwa: ardhi nzuri ya mlimani ikishachukuliwa, shule husukumwa bondeni, na mabonde ya Kampala hujaa maji. Wakazi wa Bwaise wanajua. Shule iliyojengwa kwenye kinamasi hufungwa kwa mafuriko hata kama ramani yake ilichorwa na malaika.

Kisha yako mambo ambayo si ya lugha, lakini mwalimu akinyamaza juu yake atakuwa ameshiriki dhambi. Mwezi Machi mwaka 2001, katika shule ya sekondari ya Kyanguli, wilaya ya Machakos nchini Kenya, wavulana 67 walikufa kwa moto bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Aprili 2008 moto ulichukua roho za wasichana wadogo katika bweni la shule ya Budo Junior, karibu na jiji letu. Oktoba 2022 walikufa watu 11, wengi wao watoto, katika shule ya wasioona ya Salama, wilayani Mukono. Vyuma vya dirisha huwekwa kuzuia wezi. Nani alipima thamani ya godoro na thamani ya mtoto, akaona godoro ndilo la kulindwa? Mlango ufunguke kwa nje, ya kutokea iwe miwili, na vyuma vya madirisha viwe na sehemu inayofunguka kutoka ndani. Hayo huamuliwa mezani, kwa rula na kalamu. Usiku wa moto hakuna awezaye kuyaamua.

Na radi pia. Mwaka 2011 radi iliua wanafunzi 18 katika shule ya msingi ya Runyanya, wilayani Kiryandongo. Nchi yetu ni miongoni mwa nchi zenye radi nyingi duniani, na bado yapo majengo ya shule yanayokabidhiwa bila waya wa kuipeleka radi ardhini.

Tungeweza kuendelea. Vyoo vya wasichana vinahitaji maji na chumba cha kujisafishia, la sivyo binti hukosa masomo siku kadhaa kila mwezi. Paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 hupokea lita 192,000 za mvua kwa mwaka. Hata tukipoteza robo, zinabaki lita 144,000, nazo twaziacha zichimbe makorongo kiwanjani huku wanafunzi wakibeba madumu. Mwanafunzi wa kiti cha magurudumu hahitaji huruma yetu, anahitaji mteremko badala ya ngazi. Kila moja ya haya linajulikana na kila mwalimu, na kila moja hugunduliwa upya na kila kamati ya ujenzi baada ya rangi kukauka.

Baraza, si ukumbi wa hotuba tu

Sisi walimu wa Kiswahili tuna zawadi yetu ya kupeleka katika meza ya ramani, nayo imo ndani ya lugha yenyewe. Ni baraza. Katika miji ya kale ya pwani, Lamu na Unguja, nyumba hujengwa pamoja na kiti cha mawe kilichoshikana na ukuta wa mbele, chini ya kivuli. Hapo ndipo watu hukaa, hupokea habari, hutegeana vitendawili, husuluhishana. Mahali hapo na mkutano ufanyikao hapo vikachukua jina moja. Hata Baraza la Mawaziri lililokipitisha Kiswahili mwaka 2022 limeazima jina lake kutoka kwenye kiti hicho. Lugha yetu inatufundisha kwamba watu husema vizuri pale palipojengwa ili waseme. Wala jambo hili si geni Buganda, nchi ya lukiiko.

Shule mpya za umma zina ukumbi, kama zinao, kwa ajili ya hotuba na mitihani. Hazina baraza. Msanifu akiulizwa, atasema nafasi baina ya majengo ni ya kupita. Sisi twasema ni darasa la pili. Upenu ukiongezwa mita moja na nusu, na ukuta wa chini ukajengwa kimo cha kukalia, vikundi vitatu vya wanafunzi vitaweza kutoka nje na kujadiliana kwa Kiswahili bila kugombana na vilivyobaki ndani. Wakati wa mapumziko watoto watakaa hapo, na lugha itasemwa bila kengele. Kwa mtaala unaotaka mazungumzo, hicho ni kifaa cha kufundishia kama vile maabara ilivyo kwa kemia. Hakuna aliyeona ajabu kwamba kemia idai meza yenye bomba. Basi isiwe ajabu lugha ikidai kiti chenye kivuli.

Lawama yetu wenyewe

Itakuwa unafiki tukiwalaumu wengine tu. Wapo walimu walioitwa katika vikao vya ujenzi wakakaa kimya. Waliiona karatasi ya buluu yenye mistari na namba, wakaona aibu kuuliza, wakasema “ni sawa” na kutia sahihi. Kuuliza si ujinga. Tena vikao hivyo huendeshwa kwa Kiingereza cha mikataba, na wazazi walio katika bodi hutoka walivyoingia. Hali Kiswahili kina maneno ya ujenzi tangu zamani: msingi, nguzo, linta, boriti, kenchi, pao, dari, upenu, lipu, bawaba, kizingiti, roshani. Fundi na kibarua wa Kampala, ambao mara nyingi wametoka katika makabila mbalimbali, hupeana kazi kwa maneno hayo hayo kila siku. Ni sisi wasomi tusioyajua. Tunawafundisha vijana insha juu ya “umuhimu wa elimu” wakati hawawezi kuutaja kwa Kiswahili mlango waliopitia wala paa lililowafunika.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza haya yafuatayo.

(a) Kila kamati ya kupanga shule mpya ya umma iwe na walimu wasiopungua wawili wa darasani, mmoja wao wa lugha, nao waitwe kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

(b) Msanifu akae darasani siku nzima katika shule iliyopo, nyuma kabisa, katika msimu wa mvua.

(c) Ramani isomwe mbele ya wazazi kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, chumba kwa chumba, kabla ya kuidhinishwa.

(d) Hakuna darasa lipokelewe ikiwa halina dari au kizuizi kingine cha kelele ya mvua, ikiwa ukuta wake wa kati haufiki juu, au ikiwa lina njia moja tu ya kutokea.

(e) Mwaka mmoja baada ya kufunguliwa, jengo likaguliwe kwa kuwauliza waliomo, na majibu yao yapelekwe mezani inapochorwa ramani inayofuata.

Wenzetu mtakaoyasoma haya, msingoje wizara. Juma lijalo watoeni nje wanafunzi wenu wa kidato cha pili, muwape kamba ya kupimia na daftari. Wapime darasa lao, waandike kwa Kiswahili linatazama wapi, dari lina nini, mlango unafunguka upande gani, na anayekaa nyuma anasikia nini mvua inyeshapo. Itakuwa insha bora kuliko nyingi tulizokwisha kusahihisha. Kisha zikusanyeni insha hizo, mzifunge kwa uzi, mzipeleke kwa bodi ya shule yenu siku itakapotajwa habari ya jengo jipya. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na sisi hapa Kampala kuta zetu nyingi bado hazijajengwa. Ramani zake ziko mezani sasa.